Maswali ya Wasomaji: Mwenye duka amekataa kushuka bei ya homu thieta

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili na nimeweka akiba ili ninunue homu thieta ya spika tano na woofa moja. Katika duka moja la vifaa vya umeme kwenye barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, nilitajiwa Sh94,000 kwa mtambo wa wati 1,000, na nilipoomba kupunguziwa, mwenye duka alisema, "Mwalimu, bei hii imepangwa na kampuni, mimi siwezi kuigusa." Pana mwingine wa kampuni hiyo hiyo wenye wati 600 unaouzwa Sh72,000, lakini aliniambia kwamba huo ni wa chumba cha mwanafunzi. Shemeji yangu aliye Nairobi anasema ule wa wati 1,000 unapatikana kwa Sh83,500 katika barabara ya Luthuli. Nilipokuwa nikiondoka, kijana mmoja wa duka lile alinifuata nje akaniahidi kwamba nikinunua bila risiti nitaondolewa kodi yote ya asilimia 16. Nirudi nikapatane naye, nimwagize shemeji, au nimkubalie kijana yule? – Mwalimu, Mamboleo, Kisumu.

JIBU: Mwalimu, nitaanza na kijana aliyekufuata nje, kwa sababu pendekezo lake ndilo tamu kuliko yote na ndilo lenye hasara kubwa. Kwanza, hesabu yake haikai. Bei unayotajiwa dukani kwa kawaida huwa tayari imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, na kodi iliyomo ndani ya Sh94,000 hupatikana kwa kuzigawanya kwa 116 kisha kuzidisha kwa 16, yaani takriban Sh12,970. Asilimia 16 ya Sh94,000 ni Sh15,040, na mtu anayeahidi kukuondolea kiasi hicho anakupa zaidi ya kodi yenyewe, jambo linalokupa haki ya kujiuliza mzigo huo umetoka kwenye rafu ya nani. Pili, kuuza bila risiti ni kukwepa kodi, na mtambo ukizima mwezi wa pili utakosa karatasi ya kuonyesha uliununua lini, wapi na wenye namba gani, hata ukawa huwezi kudai waranti. Dai risiti ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, na ulipie kwenye namba ya tili yenye jina la duka, wala si kwenye simu ya mtu binafsi.

Kuhusu kauli kwamba bei imepangwa na kampuni, Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza makubaliano ya kumlazimisha mfanyabiashara wa rejareja asiuze chini ya bei fulani. Mtengenezaji au msambazaji anaweza kupendekeza bei, lakini mwenye duka anabaki na hiari ya kushuka. Sikushauri uende kumsomea sheria hiyo mbele ya wateja wengine, maana mfanyabiashara aliyeaibishwa hukaza zaidi. Itoshe wewe kujua kwamba alichokwambia ni neno la kufungulia mazungumzo.

Hata hivyo, usiende ukidhani kwamba ana faida nene iliyojificha katika mtambo wenyewe. Bidhaa hizi nyingi huingia kwa bandari ya Mombasa, hutozwa ushuru wa forodha na kodi, hupitia kwa muuzaji wa jumla jijini Nairobi, kisha husafirishwa kilomita zipatazo 350 hadi Kisumu, na kila mkono unaoupokea mzigo hujiongezea chake. Kwa kawaida faida ya duka ni nyembamba katika mashine inayouzwa ndani ya katoni moja, na ni kubwa kwa kadiri katika vitu vidogo: nyaya, vibanio vya kutundikia spika ukutani, kifaa cha kulinda mtambo umeme unapopanda na kushuka, na ada ya fundi wa kuja kufunga. Vitu hivyo ungevilipia kwa bei ya rejareja, ilhali yeye alivinunua kwa bei ya jumla. Kwa hiyo ombi la kwamba akuongezee hivyo vyote bila malipo humuuma kidogo na kukufaa sana, na mara nyingi mtu aliyekataa katakata kushuka Sh5,000 hukubali kutoa vitu vya thamani hiyo hiyo papo hapo. Kifaa cha kulinda mtambo usikikose. Magharibi mwa Kenya ni nchi ya radi, na waranti nyingi hazigharamii mashine iliyounguzwa na hitilafu ya umeme.

Sasa ile bei ya Luthuli. Kabla ya kuitumia kama silaha, mwombe shemeji akupigie picha ya namba kamili ya modeli kwenye katoni, kwa kuwa herufi moja ya mwisho inaweza kutofautisha mtambo wenye spika za nyuma zisizo na waya na ule wa kutandaza nyaya sebule nzima. Aulize pia kama waranti inatolewa na mwakilishi wa kampuni nchini au ni ahadi ya mwenye kibanda peke yake, kisha atazame maandishi ya umeme nyuma ya mashine: umeme wetu ni wa volti 240, na mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, inayotaka volti 120 pekee, itaungua mara tu ukiichomeka. Ikiwa yote yanalingana, tofauti ya kweli ni Sh10,500 ukitoa nauli ya kifurushi na hatari ya katoni kubwa kubingirishwa ndani ya buti la basi. Kwa maoni yangu, duka la Kisumu linastahili kulipwa kiasi fulani cha tofauti hiyo, kwa sababu mtambo ukiharibika utaurudisha kwa bodaboda badala ya kuusafirisha hadi Nairobi kwa gharama yako. Halistahili kulipwa yote.

Ningekuwa wewe ningerudi siku ya kazi asubuhi, katikati ya mwezi. Mashauri mengi ya kigeni humwelekeza mnunuzi aende mwisho wa mwezi, wakati wauzaji wanakimbizana na malengo ya mauzo, lakini katika miji yetu mwisho wa mwezi ndipo mishahara hutoka na duka likajaa, na mwenye mali hana sababu ya kumbembeleza mtu yeyote. Tarehe 15 hivi duka huwa kimya. Msalimie, mwulize hali ya biashara, kisha utaje jambo lako bila kuiponda bidhaa yake. (Wapo wanaoamini kwamba kuisuta bidhaa huteremsha bei, mimi naona humfanya muuzaji ashangae kwa nini umerudi.) Mwambie kwa mfano: "Mzee, nimeipata Nairobi kwa Sh83,500, namba ni hii, lakini napenda kununua kwako kwa kuwa uko karibu. Nina Sh86,000 za kulipa leo, uniongezee kifaa cha kulinda umeme, na fundi wako aje kunifungia." Kisha nyamaza. Kimya humchosha muuzaji kuliko hoja ya tatu na ya nne. Akikutajia Sh89,000 pamoja na nyongeza zote, mimi ningekubali. Aking'ang'ania Sh94,000 bila chochote, muage kwa heshima na umwachie namba yako ya simu.

Lakini kabla ya yote hayo ningekutaka uupime upya ule mtambo wa wati 600, kwa sababu huenda punguzo lako kubwa limo humo. Sikio halihesabu wati kama mkoba unavyohesabu shilingi. Kuongeza nguvu maradufu huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, na ili sauti isikike kana kwamba imekuwa mara mbili huhitajika nguvu takriban mara kumi. Kutoka wati 600 hadi 1,000 ni kama desibeli 2.2, tofauti ambayo katika sebule ya kawaida utaitambua kwa shida, iwapo spika zenyewe zinafanana ubora. Isitoshe, namba zinazoandikwa kwa rangi kwenye katoni si za kuaminiwa sana. Geuza mashine utazame kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme inaotumia: mashine inayovuta wati 90 kutoka ukutani haiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo, kwa kuwa hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachopokea. Ukiona namba yenye herufi PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo mno, ipuuze kabisa. Inayofaa kulinganishwa ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ya mfululizo. Sh22,000 zinazotenganisha mitambo hiyo miwili ni nyingi kuliko punguzo lolote utakalolipata kwa maneno.

Mtambo wowote utakaouchagua, ujaribiwe mbele yako kabla ya kulipa. Nenda na fleshi yenye filamu unayoifahamu vyema, usikilize kila spika peke yake, woofa ikiwemo, na uulize kama runinga yako ina tundu la HDMI lenye maandishi ARC, linalopeleka sauti ya runinga kwenye mtambo, maana usipokuwa nalo utahitaji waya mwingine. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa inamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kisicho na ubora unaostahili kuuzwa, ila ukishaikagua bidhaa, kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua hutaweza kuzidai kwa kifungu hicho. Kwa hiyo usikague kwa kupitisha macho tu.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara mjini Nakuru. Nataka risiva (mashine inayopokea sauti na kuziendesha spika) na spika za kununuliwa kando kando badala ya seti ya katoni. Muuzaji mmoja wa barabara ya Kenyatta ameniambia atanipunguzia Sh8,000 kwenye risiva ya Sh85,000 nikichukua ile iliyokuwa ikiwashwa dukani kuwaonyesha wateja. Je, hilo ni punguzo zuri? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Si baya, lakini bado lina nafasi. Kwangu mimi, mashine ya maonyesho isiyopunguzwa angalau sehemu moja ya kumi ya bei haistahili usumbufu, na Sh8,000 hazijafika hapo. Mwulize imekaa rafuni kwa muda gani na ilikuwa ikiwashwa saa ngapi kwa siku, kwa kuwa risiva hupata joto jingi na joto ndilo linalozeesha vipuri vya ndani. Hakikisha rimoti ni ya mashine hiyo hiyo, na kwamba kile kipaza sauti kidogo (maikrofoni) kinachokuja na risiva nyingi kwa ajili ya kupima sauti ya chumba hakijapotea, maana maduka hukipoteza kuliko kitu kingine chochote. Kikikosekana, dai kipya au dai pesa.

Jambo la pili ni umri wa modeli. Toleo la HDMI 2.1, ambalo ndani yake kuna njia ya eARC inayopitisha sauti ya spika nyingi bila kuibana, lilitangazwa mwaka 2017, na risiva nyingi zilizotoka miaka iliyofuata hazikuwa nalo. Ikiwa utaunganisha runinga mpya, risiva ya zamani inaweza kukunyima kitu ambacho umekwisha kukilipia kwenye runinga. Hiyo ndiyo hoja ya kuipeleka mezani, kwa sababu muuzaji anajua fika kwamba mashine ya aina hiyo inazidi kupungua thamani kila mwezi inapokaa pale.

Nunua risiva na spika kwa mtu mmoja na kwa mazungumzo mamoja, usipatane bei ya kila kimoja peke yake. Taja jumla unayoweza kulipa kwa vyote, ukiweka humo nyaya za spika za shaba halisi, kwani zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba ambazo huuzwa kana kwamba ni zile zile. Kisha aandike kwenye risiti kwamba waranti ya risiva inaanza siku unayoinunua, si siku ilipowekwa rafuni.

SWALI: Duka moja la Bungoma linaniuzia homu thieta kwa lipa pole pole: arubuni ya Sh15,000, kisha Sh6,500 kila mwezi kwa miezi 12. Nimeambiwa hapo hakuna kupatana bei. – Mama wa watoto wanne, Bungoma.

JIBU: Jumla yake, Mama, ni Sh93,000. Rudi uulize bei ya taslimu kana kwamba unazo pesa zote mkononi, upatane hiyo kwanza hadi ifike mwisho, na baada ya hapo ndipo utaje kwamba ungependa kulipa kwa awamu. Sheria ya Ununuzi kwa Awamu inamtaka mwenye mali akujulishe kwa maandishi bei ya taslimu kabla ya mkataba, kwa hiyo akikataa kuiandika, ondoka. Bei hiyo ikiwa Sh70,000, ujue unalipa Sh23,000 kwa ajili ya kusubiriwa mwaka mmoja, na chama chako cha akina mama au sacco huenda kitakukopesha kwa nafuu zaidi. Ukiamua kuendelea, tunza kila risiti ya malipo: ukishalipa theluthi mbili ya bei ya mkataba, yaani Sh62,000 katika hesabu yako, duka haliwezi kuja kukunyang'anya mtambo bila kwenda mahakamani.