WR841N ya mtumba au mpya: v13 au v14?
Ndugu, umeuliza uchukue ruta ya TP-Link, TL-WR841N, toleo la v13 iliyotumika au v14 mpya, na lengo lako ni kuweka OpenWrt, yaani programu huria ya kuendeshea ruta badala ya ile ya kiwandani. Chukua v13, usisite. Kwa nje zinakaribiana, spidi zote Mbps 300, na chipu zote ni za MediaTek. Kilichobadilika ni kumbukumbu: v13 ina flashi (hifadhi ya programu) ya MB 8 na RAM ya MB 64, v14 wakaishusha hadi MB 4 na MB 32. Kwa OpenWrt za sasa hapo pamebana mno. Wengi huona namba kubwa ya toleo wakadhani ndiyo bora. Hapa sivyo kabisa! Kabla hujatoa hela igeuze ruta yenyewe, usome stika ya chini palipoandikwa "Ver". Boksi usiliamini, la mtumba hubadilishwa.