Bendi Yako Imerudi na Sauti Ngeni? Isikilize Hivi

Juzi kijana mmoja wa Lindi kanitumia ujumbe mrefu wa malalamiko. Anasema Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, ameanza nayo tangu yuko sekondari, sasa kachelewa kuipata albamu yao ya From Zero, yenye mwimbaji mpya, kaiweka kwa kuchanganya nyimbo, kasikia mbili, akazima. "Kaka, hii siyo bendi yetu. Wewe umewezaje?" Nimeulizwa hivyo na wengi, kwa hiyo najibu hapa kwa wote, na anayetaka kubisha abishe akiwa ameshasikiliza.

Kwanza mjue mnayemuuliza ni nani. Roki nimeanza kuisikiliza Mtwara hii hii, enzi za kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi. Ukitaja bendi ya magitaa, jamaa wa kompyuta anakuangalia usoni kwanza ndipo anatafuta. Mtaani Shangani walisema nimejiunga na Freemason, mimi ambaye hata nauli ya kwenda Masasi nilikuwa nakopa. Albamu za Linkin Park, Hybrid Theory ya mwaka 2000 na Meteora ya 2003, nilizijua kwa mpangilio, wimbo hadi wimbo, kabla sijaelewa maneno yanasema nini. Wengi wanaojiita mashabiki wa roki mjini hapa wamepata nyimbo kutoka kwangu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Halafu ikaja 2017. Chester Bennington, mwimbaji wao, alifariki tarehe 20 Julai, miezi miwili tu baada ya albamu ya One More Light kutoka. Sikuwa na wa kumweleza. Jioni nilikaa barazani napiga nyimbo zake kwa spika ya simu, mama akapita na ndoo ya maji akasimama. Akasikiliza kidogo.

"Huyo anayelia hivyo kafiwa na nani?"

Nikamwambia aliyekufa ndiye huyo huyo anayelia. Akatua ndoo, akasema "Inna lillahi", akatulia mpaka wimbo ukaisha, ndipo akabeba maji yake akaingia ndani. Tangu siku ile hajaniambia tena nizime makelele.

Kwa hiyo bendi iliporudi Septemba 2024 na mwimbaji mpya, Emily Armstrong, aliyekuwa anaimba na Dead Sara ya Los Angeles, msidhani mimi sikuumia. Niliumia. Hata mpiga ngoma ni mwingine, Colin Brittain. Lakini kuumia ni jambo moja, kutukana kitu usichokisikia ni jingine. Kundi letu la WhatsApp liliwaka moto siku hiyo hiyo. Mtu hajashusha hata wimbo mmoja, anaandika aya nzima. Nikasema kistaarabu tu kwamba tusubiri albamu. Nikajibiwa nimemsaliti marehemu. Nilipobisha nikatolewa kwenye kundi, tena na mtu ambaye Meteora nilimrushia mimi kwa Bluetooth. Najua anasoma hapa. Salamu zake.

Sasa ushauri.

Usiisikilize albamu mpya ukiwa na pilikapilika. From Zero ilitoka Ijumaa ya tarehe 15 Novemba 2024, na Novemba huku kwetu ni korosho. Ndio ule msimu ambao bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mimi nilikuwa karani wa mizani ghalani. Malori yamepanga foleni, makuli wanaitana, kila bajaji inayopita inapiga singeli. Ningeisikiliza mle ningesema nimesikia nini? Nilishusha nyimbo zote kwa bando la usiku nikaziacha hapo hapo, nikawa nazipita kama sizioni. Foleni ilipokatika, nikakaa juu ya rundo la magunia matupu, vumbi la katani limejaa vidoleni, nikavaa hedifoni, nikazima data. Data zima kweli. Ukiiacha, ujumbe wa kwanza kuingia utakuwa wa mtu anayekwambia albamu ni mbovu.

Na usitumie spika ya simu. Besi ya Phoenix Farrell, mpiga gitaa la besi wao, yote inapotea, unabaki na kelele za juu, halafu unasema wamepunguza uzito.

La pili ndilo kubwa: anza mwanzo, maliza mwisho. Nyimbo 11, dakika 32 hivi. Nusu ya kwanza ya mechi haijaisha, albamu imeisha. Mdogo wangu wa Lindi alichanganya nyimbo, simu ikamtupia "Over Each Other", ambayo ni ya tano, na humo Emily anaimba peke yake. Kwa nini asishtuke? Ukifuata mpangilio unaanza na utangulizi mfupi, kisha "The Emptiness Machine", na anayefungua ni Mike Shinoda, rapa na mwimbaji wa bendi tangu mwanzo, sauti tuliyoizoea. Ubeti wake, kiitikio chake, halafu Emily anaingia ubeti wa pili. Mwenyeji kamtangulia mgeni. Mimi pale nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena anavyoingia, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuchukia na sikupata pa kushika.

Wimbo wa nne, "Heavy Is the Crown", ndio uliozua ligi. Emily anavuta ukelele wa sekunde 16 hivi bila kupumua. Chester alishavuta wa sekunde 17 kwenye "Given Up" ya 2007. Watu wazima, wenye familia, waligombana kwa sekunde moja! Mimi nasema hivi: jaribu wewe sekunde tano, kisha uje tuongee.

Baadaye kuna "Casualty", ambapo Mike naye anapayuka kwa sauti iliyokwaruza, halafu "Overflow" inashusha kila kitu, taratibu, na "Two Faced" inarudisha ile mikwaruzo ya santuri ya DJ wao, Joe Hahn, utadhani mwaka ni 2000. Ukiruka mmoja, mwingine haukai sawa. Ndiyo maana nasisitiza, na nitasisitiza tena: anza mwanzo, maliza mwisho. Kisha kesho yake uirudie, mwanzo hadi mwisho.

Tuna tabia mbaya ya kumpenda mtu akishakufa. Alipokuwa hai, One More Light ilipotoka, hao hao walisema amelainika, anaimba pop. Leo wamekuwa walinzi wa kaburi. Mpende msanii angali anaimba, mpe nusu saa yako yenye utulivu, halafu useme unavyotaka. Kama baada ya hapo bado huipendi, huna kosa, na mimi sitakutoa kwenye kundi lolote.

Kijana wangu, jambo moja la mwisho. Angalia toleo ulilonalo. Mei 2025 waliongeza nyimbo mpya tatu: "Up from the Bottom", "Unshatter" na "Let You Fade". Ni nzuri, hasa "Unshatter", lakini kwa sasa ziache. "Good Things Go" ikiisha, zima. Hizo tatu tutazijadili ukishazijua zile 11, na usiniandikie kabla.