Paka dume anayekojolea kochi na mswala: mchunguze kabla ya kumfukuza

Dada uliyeuliza, umeeleza kwamba paka wako dume, wa miaka miwili hivi na ambaye hajahasiwa, ameanza kukojolea kochi, mswala na rundo la nguo chafu tangu mlipohama nyumba ya uwani na kuingia kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, na kwamba majirani wanakushauri umtie kwenye kiroba ukamwache soko la samaki. Nimefuga paka kwa miaka mingi hapa Tanga, madume na majike, kwenye nyumba ya uwani na baadaye kwenye nyumba isiyo na udongo hata wa kupanda mchicha. Nakujibu kwa urefu kwa sababu ushauri mfupi uliokwisha kupewa, wa kumsugua pua kwenye mkojo na kumwaga jiki, utakuongezea tatizo.

Naanza na jambo lisilongoja. Paka dume, hata aliyehasiwa, ana njia ya mkojo nyembamba sana, ambayo huweza kuzibwa na ute, chembechembe za fuwele au kijiwe. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara na kujikamua huku yakitoka matone tu au pasitoke kitu, analia, anajilamba sehemu za siri bila kukoma, au mkojo una damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni Jumapili. Mkojo ukizibika kabisa, taka ambazo figo zilipaswa kuzitoa hubaki kwenye damu, potasiamu hupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo, na paka huweza kufa katika muda wa siku mbili tatu. Wengi hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta ya kupikia wakingoja kesho. Wala usimpe panadol kwa huruma, kwa sababu ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo na kidonge kimoja tu huweza kumuua.

Hata pasipo kuziba, kibofu huweza kuvimba, na kwa paka vijana mara nyingi uvimbe huo hauna vijidudu wala vijiwe, bali huchochewa na dhiki kama ya kuhama nyumba, kuletewa mnyama mwingine au kuishi na mafundi wanaogonga ukuta kutwa. Paka aliyeumia wakati wa kukojoa hulihusisha beseni la mchanga analojisaidia na maumivu, kisha hutafuta mahali laini pa kujaribu tena. Ndiyo maana nguo, godoro na mswala ni shabaha za kawaida za paka mgonjwa, na ndiyo maana naona kwenda kwa daktari kutangulie hila nyingine zote. Msaidie pia apate maji mengi. Paka anayelishwa dagaa wakavu na ugali hunywa kidogo kuliko anavyohitaji, kwa hiyo mlowekee chakula kwa maji ya samaki aliyechemshwa bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwake.

Akishapimwa na kuonekana mzima, tazama umbo la mkojo wenyewe. Paka anayekojoa kwa haja huchuchumaa na kuacha dimbwi juu ya kitu kilicholala, kama vile kiti cha kochi, zulia au kitanda. Paka anayeweka alama ya mipaka yake husimama, hugeuzia makalio ukutani au kwenye pazia, huinua mkia ukitetemeka, kisha hurusha mkojo kidogo wenye harufu kali unaotiririka kwenda chini. Hukusema kama kochi lako linalowa kwenye kiti au kwenye mgongo na ubavu, na jibu la hapo ndilo linaloamua ufanye nini.

Kama ni ubavu au mgongo, mhasi bila kuchelewa. Takribani madume tisa katika kumi hupunguza au huacha kabisa kurusha mkojo baada ya kuhasiwa, ingawa wengine huchukua wiki kadhaa kabla homoni haijatulia, na aliyezoea kwa miaka huweza kuendelea. Usiamini wanaosema kwamba majike hawana tabia hiyo. Wanayo, ila ni wachache. Aliyehasiwa naye huweza kurudia akichokozwa. Dume wangu mmoja, mhasi tangu udogo, alikuwa akilirushia pazia la dirisha moja tu, na sababu yake ilikuwa shume wa mtaani aliyezoea kukaa juu ya ukuta wa jirani akimtazama. Tulibandika karatasi kwenye kioo cha chini ili wasionane, tukaosha ukuta kwa nje, na mambo yakaisha. Wewe uliye ghorofani kagua kizingiti cha mlango wa kuingilia, kwa sababu mashume hupanda ngazi usiku na kuacha alama zao hapo, na harufu hupenya chini ya mlango.

Kama ni dimbwi kwenye kiti, basi nadhani tatizo lako kubwa ni udongo, na hapa ndipo paka wetu wanapohukumiwa bila kosa. Paka aliyekulia nyumba ya uwani hakufundishwa kwenda haja na mtu yeyote. Alitoka nje, akachimba, akafukia, nasi hatukujua hata anakwenda wapi. Siku anapohamishiwa kwenye vigae, au mwenye nyumba anapotandaza vitofali uwanja mzima mpaka ukutani, paka huyo amenyang'anywa choo, na kitu kinachofanana zaidi na udongo uliochimbuliwa ni rundo la nguo. Nimeiona hali hiyo kwa jirani ambaye alisadiki kwamba paka wake amerogwa.

Kwa hiyo mpe udongo. Huna haja ya mchanga maalumu wa dukani ikiwa bei yake inakushinda. Chukua beseni pana, lenye urefu unaozidi mwili wa paka kwa nusu nzima, ili aweze kujigeuza bila kutoa makalio nje. Mabeseni madogo ndiyo huleta lawama kwamba "anakojoa pembeni kwa makusudi". Tia mchanga laini wa mtoni uliochekechwa na kuanikwa juani, kina chake kifike upana wa vidole vitatu au vinne. Mchanga wa pwani unafaa ukisuuzwa chumvi kwanza. Maranda ya mbao hunyonya vizuri, lakini paka wengine huyakataa, na pale nilipolazimika kuyatumia niliyachanganya na mchanga, nikiongeza maranda kidogo kidogo. Kwa siku za mwanzo changanya na udongo kidogo kutoka pale mlipohama, kama unapata. Usitie manukato wala unga wenye harufu, kwa sababu harufu inayokupendeza wewe humkera yeye.

Mahali pa kuliweka beseni panahitaji kufikiriwa. Lisikae karibu na chakula, wala kando ya mashine ya kufulia inayonguruma, wala kwenye kona ambayo watoto au paka mwenzake wanaweza kumfungia njia. Kanuni ya wafugaji ni beseni moja kwa kila paka na jingine la ziada, katika sehemu tofauti za nyumba. Kwenye fleti ya vyumba viwili najua ni taabu, lakini kwa paka mmoja jitahidi yawe mawili. Kinyesi na mchanga uliolowa vitolewe kila siku. Mchanga wa mtoni haugandi ukilowa kama ule wa dukani, kwa hiyo utaubadilisha wote mara nyingi zaidi. Kama nyumbani kuna mjamzito, kazi hiyo aifanye mtu mwingine, kwa ajili ya kimelea cha toksoplazma kinachoweza kutoka na kinyesi cha paka. Kimelea hicho huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla hakijaweza kuambukiza, na hiyo ni sababu nyingine ya kutolaza uchafu.

Sasa usafi, ambao usipofanywa vizuri huharibu yote yaliyotangulia. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki inayoganda kuwa fuwele zisizoyeyuka kwa urahisi kwenye maji, na katika unyevunyevu wa pwani harufu hufufuka kila mvua inapokaribia, hata kama ulipiga deki mara kumi. Jiki haiziondoi, na ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma macho na kifua. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji ni hatari kwa paka anayelamba miguu yake baada ya kupita sakafuni. Kadhalika vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, ambavyo watu huvitawanya kwenye makochi ili kumfukuza, ni sumu. Nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu bila kusugua, osha kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzaimu, viini vinavyovunjavunja uchafu) iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, iache ilowe kwa muda, suuza, kisha anika juani. Madoa ya zamani yatafute usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa ile tochi ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, kwa kuwa mkojo hung'aa chini ya mwanga wake.

Kuhusu mswala, uliuliza kwa masikitiko kama nyumba yenye paka inafaa kusaliwa. Paka mwenyewe si najisi, na mabaki ya maji aliyoyanywa hayaharibiki, bali mkojo wake ni najisi na lazima uoshwe. Kumbuka tu kwamba utohara wa mswala kisheria na usafi wake kwa pua ya paka ni mambo mawili; wewe unaweza kuridhika na maji yaliyopita juu yake, naye bado anasoma pale kwamba ni chooni. Uoshe kwa namna niliyoeleza, na baada ya kila sala ukunje ukautundike.

Kumpiga au kumsugua pua hakumfundishi pa kwenda. Humfundisha kukuogopa na kukojoa mafichoni, na hofu yenyewe huweza kukirudisha kibofu kwenye uvimbe. Badala yake mtulize kwenye chumba kimoja chenye beseni upande mmoja na chakula upande mwingine, umpanulie nyumba kidogo kidogo akishatumia beseni bila kukosea.

Ukishatoka kwa daktari, rudi utueleze daktari aliona nini kwenye mkojo, ni sehemu gani hasa ya kochi inayolowa, na kama hapo ulipohamia kuna paka wengine wanaopita ngazini.