Kwa kijana anayeanza kucheza safu ya mbele

Kila Agosti, shule za sekondari za Marekani zikifungua mazoezi ya futiboli, ule mpira wa Kimarekani wa kushikwa mikononi na kuvaliwa helmeti, hakosekani kijana wa kwetu, mtoto wa familia iliyotoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, anayeitwa na kocha kwa sababu moja tu: ana mwili. Ule mpira hajawahi kuushika na sheria hazijui, ila ni mrefu na ana mabega, basi anapelekwa moja kwa moja kwenye safu ya mbele ya ushambuliaji. Kama ni wewe, mdogo wangu, haya ni yako. Nimecheza gadi, nafasi mojawapo ya safu hiyo, tangu sekondari hadi chuo na sasa nawafundisha vijana wa safu hiyohiyo. Yapo mambo nataka uyajue kabla hujavaa helmeti.

Mko watano. Katikati yupo senta, anayepitisha mpira kati ya miguu yake kumpa kwotabeki, yaani anayeongoza ushambuliaji na kurusha pasi. Kulia na kushoto kwake wamo magadi wawili, na pembeni ya hao matekli wawili. Mnavaa namba 50 hadi 79 ili waamuzi wawatambue, kwa sababu kwa kawaida hamruhusiwi kudaka pasi. Kazi yenu ni kumkinga kwotabeki anapotafuta wa kumpasia, na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Mkifanya vizuri, watu watamshangilia aliyefunga. Ukikosea wewe, namba yako itatajwa uwanja mzima: umemshikilia mtu, timu inarudishwa nyuma yadi 10; umejongea kabla ya mpira kuanza, yadi 5. Na wanne wakifanya sawasawa mmoja akapotea, mchezo mzima, yaani shambulizi moja tangu mpira unapotoka kwa senta hadi unaposimama, umeharibika. Ndiyo maana watu wa safu hula pamoja, hukaa pamoja na hugombezwa pamoja.

Mwili ndio uliokuingiza, lakini kocha atakupanga kwa sababu ya miguu. Vijana wengi wakianza huinama kiunoni badala ya kukunja magoti. Mpinzani akiwapokea anawavuta kidogo tu, wanaanguka kifudifudi. Kaa kama uliyekalia kigoda: mapaja yabebe uzito, mgongo ubaki wima. Wakati wa kukinga pasi, mguu wa nje unatangulia kurudi nyuma, wa ndani unafuata kwa hatua fupi. Visigino visigusane, miguu isipishane. Viganja vitue kifuani mwa mpinzani, vidole gumba vikielekea juu na viwiko karibu na mbavu. Mikono ikitoka nje ya mabega yake, jezi itavutika na mwamuzi ataiona. Zoezi hili halihitaji uwanja. Lifanye kwenye korido ya nyumbani, polepole, hata kama wadogo zako wanacheka.

Halafu angalia vidole vya mkono unaouweka chini kabla mchezo haujaanza. Kati yako na mpinzani pana urefu wa mpira tu, na mpinzani mzoefu anatazama vidole hivyo. Ukiulemea mkono, ncha za vidole na kucha hubadilika rangi, naye anajua unataka kwenda mbele, yaani mtakimbiza mpira. Ukiulegeza, anajua unarudi nyuma kukinga pasi. Umeshamweleza mpango wote bila kufungua kinywa. Weka uzito uleule kila mara, hata usipojua kama yupo anayekutazama. Kazi yetu imejaa vitu vidogo vya namna hii, na hicho ndicho kilichonifanya niipende.

Kiingereza kisikutishe. Safu ina maneno yake machache: senta anautazama ulinzi, anamtaja mchezaji mmoja, na kuanzia kwa huyo kila mtu anahesabu nani ni wake. Maneno hayo hutofautiana timu na timu, kwa hiyo hata aliyezaliwa Ohio huanza upya akihama. Muulize jirani yako kwenye safu, na muulize tena kesho. Na ugenini, mashabiki wakipiga kelele mpaka sauti haisikiki, hakuna anayetumia maneno: gadi anageuka kumtazama kwotabeki, akipata ishara anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, mpira unatoka. Hapo asiyejua lugha na anayeijua wako sawa.

Kama unadhani umechelewa kuanza, mfuatilie Jordan Mailata. Ni kijana wa Sydney, wazazi wake wanatoka Samoa, na alikuwa akicheza raga. Mwaka 2018 Philadelphia Eagles, timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, walimchagua katika raundi ya 7, ya mwisho kabisa, timu zilipokuwa zikigawana wachezaji wapya, kabla hajacheza hata mechi moja ya futiboli. Misimu yake 2 ya mwanzo hakucheza mechi yoyote ya ligi. Alikuwa akijifunza miguu na mikono chini ya kocha Jeff Stoutland huku akiuguza majeraha. Aliingia uwanjani 2020, na Februari 2025 alikuwa tekli wa kushoto wa timu iliyotwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Na kama unadhani kazi isiyo na makombe haina maana, yupo Joe Thomas wa Cleveland Browns. Tangu 2007 alicheza michezo 10,363 mfululizo (si mechi, ni yale mashambulizi mojamoja) bila kutoka, hadi alipochanika msuli wa mkono Oktoba 2017. Timu yake ilikuwa ikifungwa mwaka baada ya mwaka, wala hakuwahi kucheza mechi ya mtoano. Mwaka 2023 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu. Mimi naona hakuna mtu wa safu wa kumzidi.

Sasa joto, na hapa nakuomba usiruke mstari. Korey Stringer, tekli wa Minnesota Vikings, alifariki tarehe 1 Agosti 2001 kwa kuzidiwa na joto mazoezini. Alikuwa na miaka 27. Jordan McNair, wa safu ya mbele ya Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa mazoezini Mei 2018 na kufariki mwezi uliofuata akiwa na miaka 19. Chuo kilikubali hadharani kwamba kilibeba dhamana ya kilichotokea. McNair hakuwa amezamishwa kwenye maji ya baridi ili apozwe. Wote wawili walikuwa wa safu yetu, na hilo si ajabu, maana sisi ndio wazito zaidi na tunakimbizwa tukiwa tumevaa vifaa vizito. Usije ukaniambia sisi tumezoea jua. Mwili mkubwa ndani ya helmeti na pedi haujali babu yako alizaliwa wapi.

Kwa hiyo siku ya kwanza muulize kocha au mtabibu wa timu: beseni la maji ya barafu liko wapi? Siku za mwanzo pedi zinaongezwa kidogo kidogo au zinavaliwa zote mara moja? Ukimwona mwenzako anayumba, anaongea visivyoeleweka au anakuwa mkali bila sababu, usimwambie ajikaze. Piga kelele. Anatakiwa kupozwa kwanza hapohapo uwanjani, kusafirishwa hospitali baadaye. Nawe ukisikia kizunguzungu, keti chini. Nafasi kwenye kikosi hupatikana tena.

Kichwa nacho kina habari yake. Mike Webster, senta wa Pittsburgh Steelers aliyetwaa Super Bowl 4, alifariki 2002 akiwa na miaka 50, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa na kuhangaika. Daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, ndiye aliyeuchunguza ubongo wake na kugundua ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara nyingi. Safu ya mbele haipati ile migongano mikubwa ya kwenye televisheni. Inapata midogo, karibu kila mchezo. Jifunze kupiga kwa mikono, kichwa kikae nyuma. Ukigongwa ukaona nyota, sema siku hiyohiyo, na usirudi uwanjani mpaka daktari akuruhusu.

Watakuambia uongeze kilo. Katika NFL watu wa safu wengi hupita kilo 135, lakini wewe una miaka 15. Kula wali, maharage, nyama na mayai, lala vya kutosha, nyanyua vyuma kwa mpangilio, na usinywe unga wowote wa kuongeza mwili kabla ya kumuuliza daktari. Joe Thomas alipostaafu alipunguza zaidi ya kilo 20, maana uzito ule ulikuwa wa kazi, na kazi ilikuwa imekwisha.

Wazazi wako watauliza kuhusu shule, na wana haki. Waambie habari za John Urschel, gadi wa Baltimore Ravens aliyestaafu 2017 na kumaliza shahada ya udaktari wa hisabati katika chuo kikuu cha MIT. Au Laurent Duvernay-Tardif wa Kansas City Chiefs, tabibu aliyesomea Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ambaye baada ya kushinda Super Bowl mwaka 2020 aliuacha msimu uliofuata akaenda kuhudumia wazee huko Quebec wakati wa korona. Kisha wewe mwenyewe uende kwa mshauri wa masomo ukiwa bado darasa la 9, si la 12. Mwambie unataka kukamilisha masomo 16 ya msingi ambayo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inayadai kwa vyuo vya daraja la kwanza. Muulize pia kuhusu vyuo vya daraja la tatu: havitoi ufadhili wa michezo, lakini vinatoa misaada mingine ya ada. Siku ya kutia sahihi fomu za timu, nenda na baba au mama, na umtafsirie ukurasa wote, hasa sehemu ya bima na ya majeraha ya kichwa.