Maswali na majibu: kukata mifereji ya freti kwenye gitaa la kujitengenezea

Gitaa langu lina milimita 650 kutoka kidaraja cha juu hadi cha chini. Niligawanya kwa 18 kupata nafasi za freti (vipande vya chuma vinavyokatiza shingo), lakini nikibonyeza freti ya 12 sauti iko chini. Kosa liko wapi?

Liko kwenye hiyo 18. Ni kanuni ya zamani, Vincenzo Galilei aliieleza mwaka 1581, ila kigawanyo sahihi ni 17.817. Gawanya 650 kwa 17.817, unapata 36.48: hapo ndipo freti ya kwanza. Toa, inabaki 613.52, gawanya tena, unapata 34.43, na kuendelea. Freti ya 12 lazima iangukie 325, nusu kamili. Ya kwako iko karibu na 322.6, imekaribia kichwa mno, kwa hiyo kipande cha uzi kinacholia ni kirefu kupita kiasi.

Usiutupe ubao wa freti. Sogeza kidaraja cha chini milimita 4.7 kuelekea shingoni. Freti ya 12 itakuwa katikati, na zile zilizo kabla yake hazitapishana na nafasi sahihi kwa zaidi ya milimita 0.3.

Ubao ujao, jumlisha kwanza vipimo vyote kwenye karatasi, kisha bana rula ya chuma na uweke alama zote kutoka kidaraja cha juu bila kuisogeza. Anayepima freti hadi freti hubeba kila kosa dogo mpaka mwisho. Alama piga kwa kisu. Penseli ni nene, tena mkwaruzo wa kisu huupa msumeno mahali pa kuanzia.

Nilitumia msumeno wa chuma, sasa freti zinang'oka.

Ulimi wa freti nyingi, yaani sehemu inayoingia mferejini, una unene wa milimita 0.5 hadi 0.6, na vijino vya pembeni ndivyo vinavyong'ang'ania mbao. Meno ya msumeno wa chuma yamepinda huku na huku, hivyo mfereji hutoka mpana kuliko ulimi na vijino havipati cha kushika. Laza ubapa wa msumeno juu ya jiwe la kunolea, usugue pande zote mbili kwa usawa, ukijaribu kila mara kwenye kipande cha mbao ileile. Freti iingie kwa nyundo nyepesi, isiingie kwa kidole. Mifereji uliyokwisha kuipanua ijaze vumbi la mbao hiyo na epoksi, uache ikauke kabisa, kisha ukate upya.

Nikate kina gani?

Urefu wa ulimi, ongeza nusu milimita. Bandika utepe kwenye msumeno kama alama. Ubao wenye mgongo uliovimba unadanganya: katikati panafika kina kabla ya kingo, kwa hiyo hakikisha kingoni pia.

Ubao wangu ni wa mpingo. Baada ya kugonga freti zote, shingo imepinda kwenda nyuma.

Mpingo ni mgumu, haubonyei kama mninga. Mifereji ikibana, kila ulimi unafanya kazi ya kabari, na kabari 20 kwa pamoja zinaurefusha uso wa ubao. Toa freti, panua mifereji kidogo sana, rudisha kwa tone la gundi.

Nimeshapunguza ubao upande wa kichwa uwe mwembamba. Skwea inakaa vibaya.

Ndiyo maana mifereji hukatwa wakati kingo bado ziko sambamba. Sasa chora mstari wa katikati na upime pembe mraba kutoka hapo. Ukiiegemeza skwea kwenye ukingo, freti zote zitakaa mshazari.

Spoku za baiskeli zinafaa badala ya freti?

Kwa gitaa la kopo, ndiyo. Spoku ya milimita 2 haina ulimi, hivyo usitumie msumeno pekee: anzia nao, kisha fungua mfereji kwa tupa ya pembe tatu hadi spoku izame nusu. Ikwaruze kwa msasa upande wa chini, gundisha kwa epoksi, na uibane mpaka kesho yake.