Kupanga irabu peke yake bila kuzigusa konsonanti

Ndugu yangu, unataka programu ipokee mfuatano wa herufi na kuurudisha irabu zake zikiwa zimepangwa kialfabeti, ilhali konsonanti hazijasogea hata nafasi moja. Nawe unalalamika kwamba maneno mafupi yanatoka sawa, lakini herufi 100,000 zinaikwamisha. Fumbo hilo niliwahi kupewa katika usaili wa kazi hapa Kisumu, na nikalikosa kwa namna ambayo nashuku ndiyo yako.

Nililinganisha irabu mbilimbili na kuzibadilishana mahali palepale ndani ya neno, kitanzi (hatua zinazorudiwarudiwa) ndani ya kitanzi kingine, huku nikiziruka konsonanti zilizo katikati. Busia ilitoka Basiu, Kakamega ikatoka Kakamage, nami nikaridhika. Lakini ukipewa mfuatano wa irabu tupu 100,000, kila moja ikilinganishwa na nyingine zote, unafanya ulinganisho unaokaribia bilioni 5.

Kosa ni kupanga na kupachika kwa wakati mmoja. Pita kwenye mfuatano mara moja ukikusanya irabu katika orodha, zipange humo, kisha upite mara ya pili: ukikuta konsonanti iache, ukikuta irabu weka inayofuata kutoka kwenye orodha. Hapo pia nilijikwaa, maana kila nilipotumia irabu niliiondoa mwanzoni mwa orodha, na katika Python, lugha ya kuandikia programu, kuondoa kipengee cha kwanza huvisogeza vyote vilivyobaki. Tunza tu namba inayoonyesha umefikia irabu ya ngapi. Vilevile, kwa kuwa mfuatano wa herufi katika Python haubadiliki ukishaundwa, jenga jibu katika orodha na uliunganishe mwishoni.

Kwa kweli unaweza kuepuka hata kupanga kwenyewe. Irabu ni tano, au aina 10 ukitenganisha kubwa na ndogo, na a moja haina tofauti yoyote na a nyingine. Kwa hiyo hesabu kila aina imetokea mara ngapi, kisha uzitoe kwa zamu, na kazi itakua sambamba na urefu wa mfuatano tu. (Y na w ni nusu irabu, kama tulivyofunzwa shuleni, kwa hiyo hapa zihesabu pamoja na konsonanti.)

Kabla ya kuandika chochote, hakikisha swali linasema nini kuhusu herufi kubwa. Katika jedwali la ASCII, ambalo huipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, A ni 65 na a ni 97, hivyo irabu kubwa zote hutangulia ndogo zote. Kwa kanuni hiyo, Oyugis inakuwa Oyigus. Ukipuuza ukubwa wa herufi, inakuwa iyOgus. Mimi sikuuliza, nikatoa ya pili, na msaili alikuwa akiitaka ya kwanza.