Usiandike "Hasi" Kama Hukuona

Juzi nilisimama nyuma ya mwanafunzi wa uuguzi katika kliniki moja huku Eastlands, Nairobi. Mama amelala, spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, iko mahali pake, asidi ya siki imepakwa kwenye mlango wa kizazi, na mwanafunzi anamulika kwa tochi ya simu aliyoishika mkono wa kushoto. Sekunde kumi hazikuisha, pamba ikatupwa, kalamu ikaandika: VIA hasi, yaani kipimo hiki cha asidi na jicho hakikuona dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Nilimwomba mama radhi, nikavuta taa, tukaanza upya. Sikumgombeza mwanafunzi mbele ya mgonjwa. Ila jioni nilikaa chini nikaandika haya, wadogo zangu, kwa sababu mnarudia kosa ambalo kuna mtu alishalilipia.

1. Taa ndiyo kifaa cha kwanza, kabla hata ya spekulamu. Kazi yetu ni kutenganisha weupe na weupe: weupe wa kamasi, weupe wa mwanga uliogonga majimaji, na ule weupe mzito wenye kingo, uliojishika kwenye mpaka wa seli, pale aina mbili za seli za mlango wa kizazi zinapokutana. Asidi ya asilimia 3 hadi 5 hugandisha protini katika seli zilizobadilika. Mwanga unashindwa kupenya, unarudi jichoni ukiwa mweupe. Kama mwanga wenyewe ni hafifu, weupe mwembamba hutauona. Washa taa mama akiwa bado amevaa, ipitie juu ya bega lako, kisha weka pamba safi mbele yake. Pamba ikionekana ya manjano, tafuta taa nyingine.

2. Ukishapaka asidi, ngoja dakika nzima kabla ya kusoma; dakika ni dakika. Hesabu kwa saa ya ukutani, maana moyo wa mtu mwenye foleni nje hukimbia. Muuguzi mzee aliyenifundisha alikuwa akishapaka asidi anamuuliza mama bei ya sukuma wiki mtaani kwao. Wakimaliza kulalamikia bei, dakika imepita, na mama amelegea kiasi kwamba mlango wa kizazi unaonekana wote. Nimejaribu njia nyingine nyingi, nimerudi kwa sukuma wiki.

3. Sasa lile kosa. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Stima ilipotea saa nne asubuhi, jenereta haikuwa na mafuta, na benchi lilijaa akina mama waliopewa ruhusa ya nusu siku. Nilikuwa na tochi ambayo mwanga wake ulishageuka rangi ya chai. Akaingia mama wa miaka 31, muuza mitumba Gikomba, watoto wawili, anatamani wa tatu. Mdomo wa juu wa mlango wa kizazi niliuona. Wa chini ulikuwa kivulini, nusu umefunikwa na kamasi ambalo sikulifuta vizuri. Mpaka wa seli sikuuona wote, na nilijua sikuuona. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize: jicho halikunidanganya. Nilijua. Lakini mama alikuwa amelala pale muda mrefu, amefumba macho, na niliona aibu kumwambia arudi kesho, nikihofia atasema sijui kazi. Nikaandika hasi. Nikamwambia yuko sawa. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Alirudi baada ya miezi 14, anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Safari hii stima ilikuwepo. Mdomo wa chini ulikuwa mweupe mnene, mishipa imepindapinda, na pamba ilipogusa tu, damu ikatoka. Kipande kilipelekwa maabara, majibu yakaja: saratani. Hospitali ya rufaa ikaondoa mfuko wa uzazi. Yuko hai, namshukuru Mungu, na nguo anauza mpaka leo. Ila siku ya majibu aliniuliza bila kupandisha sauti, "Sista, si uliniambia niko sawa?" Nilimweleza yote, tochi, kivuli, aibu yangu. Akanyamaza kidogo. "Ungeniambia tu," akasema, "ningerudi."

Basi mpaka usipoonekana wote, hakuna hasi. Andika kwamba haukuonekana, weka tarehe, chukua namba ya simu, na upige. Au mpe kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hii. Kuchukua sampuli yake hakusubiri stima, na mama anaweza kujichukulia mwenyewe.

4. Mafupi. Kwa aliyekoma hedhi mpaka wa seli huwa umepanda ndani ya njia ya mlango wa kizazi, kwa hiyo VIA haimfai. Asidi changanya asubuhi, mwaga jioni. Kichujio cha kijani huifanya mishipa ya damu ionekane myeusi, kitumieni kama mnacho. Picha ya simu: idhini kwanza, jina kamwe.

5. Ukiona chanya, na doa jeupe halijaingia ndani ya njia, na huna shaka ya saratani, mtibu siku hiyo hiyo akikubali. Kifaa cha joto hufikia nyuzi 100 hivi na huchoma kwa sekunde 20 hadi 30 kila mguso. Sekunde hizo ndizo nilizomnyima yule mama. Nchini mwetu zaidi ya wanawake 3,000 hufa kwa saratani hii kila mwaka, na wengi wao wangeweza kupona ugonjwa ukiwa bado ni doa jeupe.

Alhamisi nipo chumba cha pili kuanzia saa mbili asubuhi. Anayetaka kufanya mazoezi aje na saa ya mkononi. Taa ninayo, na betri ya akiba nimeshaichaji.